Dhiki ya Nani?

Ukata ni neno ambalo washairi wa Kiswahili wamelitumia tangu zamani kuitaja hali ya mtu aliyeishiwa: mfuko mtupu, mlango usiobishwa hodi, salamu zilizopungua njiani. Ukata pia ni jina la mahali. Wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, pana kata iitwayo hivyo, katika nchi inayopanda kutoka ufuko wa Ziwa Nyasa kwenda vilima vya Umatengo. Jina la mahali halilazimiki kutii kamusi ya watu wa pwani, na lugha za huko zina njia zake za kuita mito na vilima. Hata hivyo, msomaji wa visiwani anayelikuta jina hilo katika ramani husita kidogo, na kusita huko kuna faida yake, kwa kuwa neno ukata halitamkwi bila ya kuileta nyuma yake methali ambayo kila mtoto hufundishwa: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Nchi hiyo ina baridi. Ziwa lenyewe liko mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari, na pembeni mwake, Mbamba Bay na Liuli, jua ni jua. Lakini anayepanda milimani, penye kahawa na mashimo ya ngoro, hukuta kwamba Juni na Julai ni miezi ya makoti na ya kukaa karibu na moto. Alfajiri ya nyuzi 10 za Selsiasi si jambo la kushangaza huko. Idadi hiyo ya nyuzi 10 inafaa kukumbukwa, maana itarudi.

Methali ya rafiki hutoa kipimo. Haisemi kwamba rafiki ni yule anayecheka nawe, wala anayekula nawe. Inasema kwamba urafiki hupimwa mahali pamoja tu, nako ni katika dhiki. Watu wengi wameitumia methali hii kama mizani ya dukani: wamewaweka jamaa na majirani zao juu yake, wakawaona wepesi, wakawaacha. Swali ambalo halikuulizwa vya kutosha ni hili: tabia ya mtu inayoonekana katika dhiki, je, ni tabia yake iliyokuwa imefichika, au ni tabia ya dhiki yenyewe? Aliyekuwa mkarimu wakati wa neema akawa bahili wakati wa njaa, yupi kati ya hao wawili ndiye yeye?

Wanaojibu kwamba yule wa njaa ndiye wa kweli hupenda mfano wa dhahabu na moto. Dhahabu hutiwa motoni, taka zikaungua, dhahabu ikabaki. Mfano huo ni mzuri kwa sikio, ila una kasoro moja kubwa: dhahabu ikishatoka motoni na kupoa, ni dhahabu ile ile, na moto haukuwa umewahi kuitia shaka. Mwanadamu hayuko hivyo. Kama ni lazima atafutiwe ndugu miongoni mwa vitu, basi ndugu yake wa karibu zaidi ni mpira.

Waswahili wana ujirani wa zamani na mpira, hata kabla ya neno hilo kutekwa na kandanda. Sharubati ya mabungo inayonywewa Unguja na Pemba hutokana na mtambaazi ulio wa ukoo mmoja na mitambaazi ya porini ambayo utomvu wake ulikusanywa bara na mwambao katika karne ya 19, ukaviringwa madonge na kuuzwa ng'ambo. Mmoja wa mitambaazi hiyo umebeba, katika vitabu vya wanabotania, jina la John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, na ambaye kabla ya hapo aliandamana na Livingstone hadi Ziwa Nyasa mwaka 1859. Mtu huyo mmoja aliliona ziwa na akauona mpira. Aliyekaa akitafuta maana katika sadfa ya namna hiyo hupoteza wakati wake, lakini ni sadfa yenye kupendeza.

Mpira ni nini? Wataalamu huuhesabu katika jamii ya vitu viitwavyo polima: molekuli zake ni ndefu mno, kila moja kama uzi uliotungwa shanga za namna moja, maelfu kwa maelfu, na nyuzi hizo zimejisokota pamoja kama nyavu zilizotupwa pembeni mwa mtumbwi. Nyuzi hazitulii. Joto huzitikisa usiku na mchana. Mtu akiuvuta mpira, nyuzi hunyooka. Akiuachia, lile tikisiko la joto huzirudisha katika msokoto wake, na mpira wote hurudi. Hapo ndipo ajabu ilipo. Kamba ya chuma ikivutwa kidogo hurudi kwa sababu chembe zake hupenda kukaa mahali pake. Mpira haurudi kwa kupenda chochote. Hurudi kwa sababu una joto ndani yake. John Gough, Mwingereza aliyekuwa kipofu tangu utotoni, aligundua jambo linalofungamana na hili na kulichapisha mwaka 1805: alivuta kipande cha mpira kwa haraka, akakigusisha midomoni, akahisi kwamba kimepata moto, akakiachia, kikapoa. Jaribio hilo linaweza kurudiwa na mtu yeyote mwenye ukanda wa mpira, bila ya mashine na bila ya macho.

Kwa hiyo, unyumbufu, ile sifa ambayo kwayo mpira unaitwa mpira, si mali yake peke yake. Ni mali ya mpira na ya joto kwa ushirika. Mwondoe mshirika mmoja, na ushirika unavunjika. Joto likipungua, nyuzi hutikisika kwa ulegevu. Likipungua zaidi, huchoka. Na penye nukta fulani husimama kila moja ilipo. Mpira wa miti hufika hapo karibu na nyuzi 70 chini ya sifuri. Kuanzia hapo si mpira tena kwa tabia, ni kioo: ugumu wake huongezeka kiasi cha mara elfu. Kitenesi kilichotumbukizwa katika naitrojeni ya majimaji, ambayo huchemka kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, kikitupwa sakafuni huvunjika kama bakuli. Vigae vyake vikipata joto hulainika tena, kila kimoja peke yake, vikaminywa na kurudi kama zamani. Ulaini wote umerudi, na mpira haupo.

Kuna watu ambao kazi yao ni kupima mambo haya. Hushika kipande kidogo cha polima kwa vibano, wakakizungushia ubaridi, wakawa wanakitikisa kwa upole huku wakihesabu ni nguvu kiasi gani kinairudisha na kiasi gani kinaimeza. Matokeo ya kazi yao ni mistari katika karatasi, na asiyejua huiona mistari hiyo kuwa haina la kumwambia. Lakini mna mambo mawili humo ambayo mwanafalsafa yeyote angefurahi kuyabuni.

La kwanza ni kwamba nukta ya mpira kuwa kioo haikai mahali pamoja. Hutegemea haraka ya anayepima. Mpira unaotikiswa polepole huonekana bado laini katika ubaridi ambao, ungetikiswa kwa kasi, ungeonekana mgumu. Yaani jibu la mpira linategemea subira ya muulizaji. Anayetaka jibu katika sehemu ya sekunde ataambiwa kwamba kitu hiki ni kigumu. Anayeweza kungoja dakika ataambiwa, na kitu kile kile, katika baridi ile ile, kwamba ni laini. Wala hapana aliyedanganywa kati yao.

La pili ni jaribio moja la zamani na sahili. Mpira huvutwa ukiwa na joto, ukashikiliwa hivyo hivyo umenyooka, ukagandishwa hadi nyuzi 70 chini ya sifuri. Kisha huachiwa. Mtu angetazamia urudi, lakini haurudi. Unabaki umenyooka ingawa hapana tena mkono unaouvuta. Umeshika umbo ambalo si lake, nao hauna nguvu ya kuliacha. Ndipo joto linapopandishwa, hatua kwa hatua, na mpimaji huandika ni kwa nyuzi ngapi mpira umerudi kumi kwa mia, na ngapi umerudi thelathini, na hamsini, na sabini. Kiswahili kimelitangulia jaribio hili kwa neno moja. Mtu aliyekosa, akatambua, akaacha, husemwa kwamba amejirudi. Na wazee walipotaka kumrekebisha mtoto, walisema wanamrudi. Lugha ilijua kwamba wema ni marejeo. Ambalo halikusemwa na lugha, na linasemwa na mpira, ni kwamba marejeo yana kiwango chake cha joto, na kwamba aliyeachiwa katika baridi hawezi kulaumiwa kwa kuwa bado amenyooka vile alivyovutwa.

Mambo haya yaliwahi kupimwa kwa roho za watu saba.

Chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Challenger kilirushwa kutoka Florida tarehe 28 Januari 1986, na baada ya sekunde 73 kikasambaratika angani. Wote saba waliokuwamo walikufa, akiwamo mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Kila moja ya roketi mbili za pembeni ilikuwa imeungwa kwa vipande, na katika maungio palikuwa na pete za mpira, za jamii ile ile ambayo mafundi wa gereji wa Dar es Salaam na Mombasa huiita oringi, ila zenye upana wa kuzunguka roketi nzima. Moto ulipowashwa, maungio yalifunuka kidogo, na pete zilitakiwa zitanuke mara moja na kuuziba mwanya huo, katika sehemu ya sekunde. Asubuhi ile hazikuwahi.

Si kwamba haikujulikana. Mwaka uliotangulia, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol iliyotengeneza roketi hizo walikuwa wameipima pete. Waliibana, wakaiachia, wakahesabu itachukua muda gani kufuata chuma kinachoondoka. Katika nyuzi 38 za Selsiasi haikuachana nacho hata kidogo. Katika nyuzi 24 iliachana nacho kwa sekunde 2.4. Katika nyuzi 10 haikukifikia tena hadi dakika kumi zikapita, nao wakaacha kuhesabu. Nyuzi 10 ndiyo alfajiri ya Julai katika vilima vya Umatengo. Baridi iliyowashinda wajuzi wa anga, basi, haikuwa ya ncha ya dunia wala ya naitrojeni ya majimaji. Ni baridi ambayo mkulima wa kahawa wa Mbinga huiondoa kwa koti na kikombe cha chai. Mpira wa baiskeli yake haubadiliki kwa baridi hiyo, maana ni mpira wa namna nyingine na hauombwi kitu katika sehemu ya sekunde. Pete ya roketi iliombwa.

Usiku wa tarehe 27 wahandisi hao, Roger Boisjoly miongoni mwao, walisema kwa simu kutoka Utah kwamba chombo kisirushwe kukiwa na baridi inayopita ile iliyokwisha kujaribiwa, nayo ilikuwa nyuzi 12. Utabiri ulikuwa wa baridi kubwa zaidi kuliko hiyo. Upande wa pili wa simu haukupendezwa. Mazungumzo yakasimamishwa, wakuu wa kampuni wakakaa faraghani, na mkuu wa uhandisi akaambiwa na mwenzake avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Akaivua. Jibu likageuka. Allan McDonald, mwakilishi wa kampuni hiyo huko Florida, alitakiwa kutia saini idhini ya kurusha, akakataa. Saini ikatoka Utah kwa mkono wa mtu mwingine. Asubuhi, hewa ilikuwa nyuzi 2 hivi wakati wa kurushwa. Wiki mbili baadaye, tarehe 11 Februari, Richard Feynman, mwanafizikia aliyekuwa katika tume ya uchunguzi, alikibana kipande cha mpira ule, akakitia katika gilasi ya maji ya barafu iliyokuwa mezani mbele yake, akakitoa na kukifungua mbele ya kamera. Watu wote wakaona kwamba hakina haraka ya kurudi.

Jaribio la gilasi limepata sifa kubwa, na halistahili kunyimwa. Lakini la wahandisi lilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu lilifanyika kabla. Na iko tofauti nyingine inayogusa moja kwa moja swali la methali. Hapana mtu hata mmoja, katika kurasa zote za uchunguzi ule, aliyeilaumu pete. Hakusema yeyote kwamba pete imefichua uovu wake, au kwamba sasa imejulikana kuwa tangu hapo haikuwa na ukweli. Pete ilifanya vile vile ilivyosema ingefanya ilipoulizwa. Lawama iliwaendea watu: waliojua kiwango cha baridi, waliojua jibu la mpira katika baridi hiyo, nao wakaipeleka huko.

Ikiwa haki hiyo wanapewa mipira, wanadamu wameinyimwa mara nyingi. Mpira wenyewe una historia ya kuonyesha hilo. Katika Kongo iliyokuwa milki ya Mfalme Leopold tangu 1885 hadi 1908, vijiji viliwekewa viwango vya utomvu wa mitambaazi ya porini. Wake walishikwa rehani mpaka waume warudi na vikapu, na viganja vya watu vilikatwa. Watu waliotoroka mashamba yao ili kujificha msituni waliandikwa kuwa wavivu. Upande wa huku, utawala wa Wajerumani ulileta kodi ya nyumba mwaka 1898 na baadaye kilimo cha pamba cha kulazimishwa, hadi vita vya Majimaji vilipozuka 1905. Jeshi likachoma vyakula, na njaa iliyofuata kusini, pamoja na nchi ya Wangoni inayopakana na Umatengo, iliua wengi kuliko risasi. Vitabu vya wakoloni vimejaa maneno mvivu, mwongo, mwizi, asiye na shukrani. Huenda baadhi ya waliopewa majina hayo waliiba kweli na kusema uongo kweli. Walipimwa katika nyuzi ambazo mpimaji mwenyewe alizishusha, kisha kipimo kikaandikwa kana kwamba ni cha mpira wa kawaida katika siku ya kawaida.

Wala mambo haya hayakuishia katika karne hiyo. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Kivu ya Kaskazini, katika miji na vijiji ambavyo watu wake huzungumza Kiswahili: Mangina, Beni, Butembo. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kufa. Safari hii palikuwa na chanjo, nayo ililazimika kuhifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, katika nchi ambayo umeme ni wa kubahatisha na barabara ni za matope. Majokofu na jenereta vilisafirishwa. Masanduku maalumu yaliyoweza kuishika baridi hiyo kwa siku kadhaa yalibebwa hadi vijijini. Na katika kila kichupa palikuwa na kizibo cha mpira. Vizibo vya dawa aghalabu hutengenezwa kwa mpira wa biutili, ambao nao hukaribia kuwa kioo katika nyuzi hizo hizo. Kioo cha chupa na mpira wa kizibo havisinyai sawasawa. Kizibo kikigumu na kusinyaa, upenyo mdogo usioonekana kwa jicho unaweza kufunguka, hewa ikaingia, kisha joto likirudi kizibo kikalainika na kuuziba ule upenyo kama kwamba hakikufanya kitu. Ndiyo maana watengenezaji hupima vizibo katika baridi ile ile vitakayokaa, wala hawaridhiki na kuvitazama vikiwa mezani.

Vizibo vilifanyiwa hisani hiyo. Watu je? Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa Ebola kabla ya hapo. Lakini wengine walikataa, wakaficha wagonjwa wao, wakarusha mawe, na vituo vya tiba vikashambuliwa. Mbali na huko watu hao walielezwa kuwa wajinga na washirikina. Aliyetaka kujua nyuzi zao hakuhitaji chombo kigumu. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakiuawa usiku kwa mapanga, na waliolilia ulinzi hawakuona wageni wakija na magari. Ebola ilipokuja, ambayo ingeweza kuvuka mipaka na kuwafikia wengine, magari yalikuja. Kisha, siku chache kabla ya uchaguzi wa Desemba 2018, Beni na Butembo waliambiwa kwamba kura yao imeahirishwa hadi Machi, na sababu mojawapo iliyotajwa ni Ebola. Rais mpya akaapishwa Januari. Siku moja baada ya tangazo hilo la kuahirisha, waandamanaji wa Beni waliingia katika kituo cha Ebola na kukivuruga. Imani yao ilikuwa imevutwa, ikagandishwa, ikaachiwa, na mtu akashangaa kwamba haikurudi.

Hapa yuko msomaji atakayepinga, na upinzani wake una uzito. Ikiwa kila ubaya una baridi yake, atasema, basi hakuna mbaya duniani. Mwizi ataonyesha ukata wake, msaliti ataonyesha hofu yake, na aliyetia saini Utah ataonyesha mkataba wa kampuni uliokuwa hatarini. Akufaaye kwa dhiki atakuwa ni aliyebahatika tu kupata joto.

Jibu la upesi halipo, ila yapo mambo mawili ya kusemwa. Moja, mipira si sawa. Ule wa pete za roketi hugeuka kioo karibu na nyuzi 20 chini ya sifuri. Wa miti huvumilia hadi 70. Wa silikoni hupita nyuzi 100 ukiwa bado unanyumbuka. Katika baridi moja, huyu hurudi na yule hakurudi. Usiku ule wa Januari, McDonald na aliyetia saini walikuwa chini ya wakuu wale wale na mshahara wa kampuni ile ile. Methali inaposema kwamba dhiki hupambanua, inasema kweli. Kosa ni la wanaoisoma bila ya kuuliza ni dhiki ya nyuzi ngapi, wakampima mmoja Mbamba Bay na mwingine juu ya barafu.

La pili ni kubwa zaidi. Pete haikuweza kusema neno. Haikuweza kusema usiku kwamba kesho itachelewa. Mwanadamu anaweza. Anayejua kwamba baridi inakuja, na kwamba katika baridi hiyo hatarudi kwa wakati, ana jambo moja ambalo bado liko katika uwezo wake, nalo ni kumwambia anayemtegemea, mapema, angali na joto la kutosha la kusema. Boisjoly alilifanya hilo kwa barua tangu Julai 1985. Sehemu kubwa ya usaliti wa marafiki haimo katika kushindwa kwao kuja. Imo katika kunyamaza kwao siku ambazo walijua kwamba hawataweza. Na sehemu kubwa ya ukatili wa wanaosaidiwa imo katika kumfanya rafiki aone haya kutamka siwezi.

Wamatengo wa zamani walikuwa na desturi ya sengu. Watu wa ukoo walikula pamoja kwa mzee wao, na baada ya chakula mambo yakazungumzwa: shamba la nani limebaki nyuma, nani mgonjwa, nani amegombana na mkewe. Desturi hiyo imeelezwa mara nyingi kama baraza la hekima, na hapana shaka ilikuwa hivyo, lakini ilikuwa pia kazi ya kupima joto. Kila jioni ilijulikana nyumba ipi moto umezimika. Kesho yake ngoro zilipolimwa kwenye miteremko, wanaume wakifyeka na kuzilaza nyasi kwa mistari ya kukatana, wanawake wakizifunika kwa udongo hadi mashimo yakatokea katikati, aliyechelewa kufika alikuwa amechelewa mbele ya watu waliojua amelalia nini.

Methali yenyewe, ikisikilizwa vizuri, ina mwanya ambao mfasiri huugundua haraka kwa sababu lugha nyingine zitamlazimisha auzibe. Akufaaye kwa dhiki. Kiswahili hakikusema dhiki yako. Hakikusema dhiki yake pia. Waliozoea kudai wamesikia la kwanza tu: rafiki ni anayenifaa mimi nikiwa taabani. Lakini maneno yanaruhusu la pili, kwamba rafiki ni yule anayekufaa akiwa yeye ndiye taabani, na ufaaji wake, hata ukiwa kumi kwa mia, hata ukija jua limekwisha kupanda juu ya vilima na umande umekauka katika majani ya kahawa, umetoka mahali penye baridi kuliko pale ulipoupokelea.